Tarehe Mosi Januari

Shimo hili alilichimba ami yangu, Nassoro Mwatabu,
mchimba visima na vyoo wa Mtongwe,
apimaye kina kwa kimo chake mwenyewe:
"Mtu mmoja na mkono." "Watu wawili kasoro kichwa."
Gazeti hajui kulisoma. Ukuta wa shimo anausoma
kwa kidole gumba, akitema mate ili rangi itoke.

Hapa, asema, mto ulikuwa na nguvu:
ziangalie kokoto, zote zimeegemea upande mmoja
kama sahani kichanjani.
Hapa juu ukaanza kuchoka.
Mto ukichoka ni kama mchukuzi wa Kongowea,
hutua kwanza gunia zito:
mawe, halafu changarawe, halafu mchanga.
Tope hubaki nalo mpaka maji yasimame kabisa,
ndipo liketi, polepole,
kama wanga wa muhogo chini ya bakuli.
Gharika moja, tabaka moja.
Kisha nyingine juu yake, bila hodi.

Leo hapana mto. Pana migomba, ukuta wa madrasa,
na bomba ambalo hii ni siku ya tatu halijatoa tone.

Daktari Nekesa alikuja saa mbili usiku, makusudi,
na nyundo, na vipande viwili vya bomba la chuma,
na tochi aliyoifunika karatasi nyekundu.
Nilishika turubai jeusi juu ya vichwa vyetu
na juu ya turubai, buibui la mama,
maana taa ya jirani ilikuwa ikipenya.
"Chembe hizi," alinong'ona, kana kwamba zinasikia,
"hazijaona jua tangu zilipofukiwa.
Jua huzifuta kumbukumbu. Giza huziandikia upya,
kidogo kidogo, kwa miale hafifu ya udongo jirani.
Tukizimulika mara moja tu, zimesahau yote."
"Kama mimi na madeni," ami akasema gizani.

Bomba moja juu ya kijiwe, moja chini yake.
Kijiwe chenyewe urefu wa kidole,
ukingo umebanduliwa kwa mapigo madogo, ya subira,
na kilinikaa vizuri mkono wa kushoto,
wa kulia kiliukataa.
Mfupa hatukupata. Mchanga huu mwekundu ni mchachu,
hula mwenye mkono, ukamwachia kazi yake.
"Kijiwe hakisemi," Nekesa aliniambia. "Jiwe ni la kale
kuliko aliyelichonga. Tunauuliza mchanga uliomfunika."

Nikamkumbuka bibi, Mwanatumu wa Mwidadi.
Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari,
kama cha nusu ya wazee wa Likoni;
karani alichoka kuuliza.
Sisi tulimtafutia umri vivi hivi:
baada ya mafuriko yaliyochukua mbuzi wa babake,
kabla nduguye Mbwana hajaanza dede.
Tabaka chini, tabaka juu, naye katikati
anacheka: "Nilikuwepo. Yatosha."

Miezi tisa, majibu yakaja kwa simu.
Nambari ndefu, na ubavuni mwake
jumlisha-au-toa ya miaka elfu kadhaa.
"Hizo elfu kadhaa," ami akauliza, "ni makosa?"
"Si makosa," akajibu Nekesa. "Ni adabu."

Siku ya kufukia, ami akatupa chini shilingi tano mpya,
ndiyo desturi yao, ili atakayechimba kesho
ajue kwamba wengine walishafika.
Akashindilia kwa miguu. Akadai ujira wake.

Usiku ule masika yakaanguka.
Asubuhi kizingitini petu maji yalikuwa yameacha utando,
mchanga chini, tope laini juu,
na alama ya mguu wa kuku.
Bibi akashika ufagio.
Nikamwambia, ngoja kidogo.

Hakungoja.